Njia ya Bondeni kwa Mama

Mtu akiniambia amependa nilichoandika, kwanza namwuliza amekisoma wapi, pili namwuliza alikuwa na nani. Watoto wangu wanasema ni uzee. Si uzee. Nimekuwa hivi tangu nikiwa na meno yote kinywani, na sababu yake naijua vizuri, ila sijawahi kuisimulia kwa kuwa hainipi sura nzuri.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti la wakulima. Lilikuwa gazeti dogo la kurasa nne, lilichapwa Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, likaletwa Njombe kwa basi pamoja na barua za boma. Mara nyingi lilichelewa. Makala ya kuwahimiza watu wapande mapema waliisoma mahindi yakiwa yamefika magotini, na walinicheka kwa haki. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli, Njombe hadi Makambako na vijiji vya pembeni, wakati mwingine mpaka Igwachanya, nikitazama mashamba na kuzungumza na wenye mashamba. Niliandika habari za viazi, pareto, ulezi, namna ya kutunza mbegu juu ya moshi wa jikoni, na ubaya wa kuchoma majani.

Kabla ya hapo nilikuwa askari, na uaskari sikuuomba. Wakati wa vita jumbe wa kijiji chetu aliambiwa alete vijana sita. Alikuja kwetu asubuhi na tarishi wa boma, akanikuta nimekaa mlangoni nakula kiporo cha viazi. Akamwambia tarishi, "Huyu anajua kusoma, atafaa." Basi, ikawa hivyo. Wamisionari walinifundisha kusoma ili nijue katekisimu, na faida ya kwanza niliyoipata ilikuwa kupelekwa Burma.

Katika Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, kwa sababu ya huko kusoma kwangu, niliwekwa kwenye kikosi kidogo cha wapelelezi. Tulitangulia mbele ya wenzetu, tukaona, tukarudi na habari. Afisa wetu alitufundisha kuandika ripoti kwa mpangilio usiobadilika: njia, maji, ardhi, watu. Njia inapitika kwa miguu au kwa gari. Maji yapo mwaka mzima au yanakauka. Ardhi ni ngumu au ni matope. Watu ni wangapi, na kati yao ni nani anayeweza kupigana. Alikuwa na msemo wake, aliurudia mpaka tukauchoka: ripoti nzuri ni ile ambayo mtu asiyewahi kufika mahali ataishika mkononi na kufika bila kumwuliza mtu.

Ripoti zangu zilisifiwa. Kuna siku niliandika habari za kijiji kimoja kando ya mto, na asubuhi yake mizinga ilikifuata kijiji kile pale pale nilipokiweka. Nilijisikia fahari. Nasema kweli, nilijisikia fahari, na chakula cha mchana nilikila chote.

Nilirudi Njombe na koti zito, blanketi, barua ya mwenendo mwema, na tabia ya kumshuku kila mtu. Nikiingia katika nyumba, nilihesabu majembe yaliyoegemezwa ukutani, maana majembe husema ukweli kuhusu idadi ya watu wanaolima kuliko mwenye nyumba. Mtu akinikaribisha haraka mno, nilijiuliza anataka nini. Akichelewa kunikaribisha, nilijiuliza anaficha nini. Kwa kazi ya gazeti tabia hiyo haikunidhuru, kwa sababu wakulima nao walinishuku mimi.

Walikuwa na sababu. Mtu aliyevaa koti la jeshi, ana baiskeli ya serikali na daftari, anafika shambani kwako, anakusalimu "Kamwene" kwa Kibena safi kabisa, halafu anauliza una mashamba mangapi. Ungemjibu nini? Wengi walinipa nusu ya hesabu, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuswagwa nyuma ya kilima kabla sijashuka kwenye baiskeli. Mama mmoja karibu na Makambako, mahali ambapo upepo hauachi kitambaa kichwani mwa mtu, aliniambia waziwazi, "Kalamu ndiyo iliyowapeleka watoto wetu vitani. Sasa imerudi kufuata nini?" Nilimweleza kwamba kalamu yangu ni ya kusaidia. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbwa mgeni, kisha akaendelea kupalilia. Wakati ule nilimwona mjinga.

Sasa nifike kwa mama yangu. Baba alifariki nikiwa Burma, na habari zilinifikia baada ya miezi minne. Mama aliachwa na kipande cha mlimani kilichochoka, na kipande cha bondeni ambacho hakikuchoka kamwe. Kule bondeni walilima vinyungu. Kwa asiyejua: mvua ikiisha na maji yakianza kushuka, watu huingia bondeni, hupindua majani na udongo mweusi kuwa matuta mapana, majani yanaoza chini, na katikati ya matuta huachwa mitaro ya maji. Hupandwa mahindi na maharage wakati wa baridi na kiangazi, wakati mlimani hakuna kitu. Mwezi wa kumi na mbili, wengine wakiwa wanakuna sakafu za ghala zao, mwenye kinyungu anachoma mahindi mabichi.

Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, na mipaka waliijua bila kuiandika. Masika yakija walitoka wote. Bonde lilijaa maji na majani, na hakuna aliyeruhusiwa kutia jembe. "Bonde linalala," mama alikuwa akisema, kwa sauti ya chini, kana kwamba litasikia. Mgeni akipita mwezi wa pili angeona kinamasi kisicho na mwenyewe.

Bonde lile ndilo lililomlisha mama miaka yote niliyokuwa mbali. Bila bonde angekuwa mwanamke wa kwenda kwa mashemeji na kikapu kitupu, na mama yangu alikuwa na kiburi. Angependa afe kuliko kubeba kikapu hicho.

Basi siku moja, katika mkutano wa boma, Bwana Shamba alisema kilimo cha mabondeni kinaharibu vyanzo vya maji na inafaa kizuiwe. Bwana Shamba huyo alikuwa kijana wa Kizungu, amefika majuzi tu, mwenye bidii na mashavu mekundu, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai. Nilichemka. Niliona wazi kwamba hajawahi kukiona kinyungu kilicholimwa vizuri. Nikaazimia kumwonyesha kwa njia ninayoijua. Nikapanda baiskeli, nikakaa kwa mama siku mbili, nikapima, nikahesabu, nikachovya mkono katika udongo. Kisha nikaandika makala niliyoona ni bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ninaikumbuka kwa moyo. Sehemu yake ilisema hivi:

"Ukitoka Njombe kwenda Makambako, vuka daraja la mbao, kisha shika njia ya ng'ombe mkono wa kushoto. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu utaona mawe mawili meupe, na wakati wa kiangazi hata gari laweza kufika hapo. Chini ya mawe ndipo bonde lilipo. Maji yake hayakauki hata mwezi wa kumi. Udongo ni mweusi, ukichimba mkono unazama mpaka kwenye kiwiko bila kugusa jiwe. Wanaume wengi wamekwenda kukata mkonge, na kazi yote inafanywa na wanawake na wazee wachache. Masika bonde hujaa maji na hakuna anayelilima."

Sikumtaja mama wala kijiji. Nilijiona mjanja.

Gazeti lilipofika nilimpelekea mama, nikamsomea, nikiifasiri kwa Kibena polepole ili asipitwe na neno. Hakujua kusoma, lakini kichwa chake kilikamata maneno kama mtego. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mwiko. Akasema, "Umesema vyote." Nikalichukua kuwa sifa. Akaukoroga uji mzito kidogo, akaupaka nyuma ya ukurasa, akaubandika kwenye ukuta wa jikoni, mahali ambapo angeuona akiwa anapika.

Ulipofika mwezi wa pili, mvua ikiwa kubwa, watu wawili walifika bondeni na mnyororo wa kupimia na vigingi vilivyopakwa chokaa. Mmoja alikuwa mpimaji wa Kizungu, mwingine msaidizi wake kutoka pwani. Walipigilia vigingi kuzunguka bonde zima, wakaondoka. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba mlowezi mmoja ameomba bonde aweke kitalu cha miche ya miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, kwa maana miche inataka maji ya kudumu. Na ilisemwa amekwisha kukubaliwa, kwa kuwa bonde halina mtu.

Nilifika siku ya tatu baada ya habari hizo. Niliuliza maswali kama nilivyofundishwa, na jambo moja lilinisumbua. Wale wapimaji hawakumwuliza mtu njia. Wanawake waliokuwa mlimani waliwaona wakishuka kutoka njia kuu, wakakunja kushoto kwenye njia ya ng'ombe, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye mawe meupe, kama watu wanaorudi nyumbani. Njia ile ina panda nyingi. Hata watu wa kijiji cha jirani hupotea humo wakati wa ukungu. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyewaelekeza, na mtu huyo alikuwa wa kwetu.

Sikumtafuta mbali. Jumbe alikuwa bado yule yule aliyenitoa kwenye kiporo changu cha viazi. Alikuwa mzee sasa, mrefu, mwenye miguu iliyovimba na kofia ya kitambaa ambayo haikuwa na rangi tena. Nikaanza kumpeleleza. Nikapata kwamba wiki mbili kabla ya wapimaji kuja, alionekana Makambako akishuka kutoka katika lori la mlowezi yule yule. Nikapata pia kwamba alikuwa na mwavuli mpya. Nikaviweka viwili hivyo pamoja, nikaongeza cha tatu, yaani mimi na Burma yangu, na kesi ikawa imekwisha kichwani mwangu.

Sikumwuliza yeye mwenyewe. Mpelelezi hamwulizi anayempeleleza, ndivyo nilivyojiambia. Baadaye sana nilijua alikuwa anatoka hospitali ya misheni kumtazama mkewe, na dereva wa lori alimhurumia kwa ile miguu yake. Mwavuli alipewa na mkewe, ambaye aliona hatautumia tena.

Kwetu, masika ndiyo majira ya ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi hukatwa ncha, maji yake hutiririka, na ulanzi wa asubuhi ni mtamu hata mama, ambaye alikuwa mzee wa kanisa kwa tabia ingawa si kwa cheo, aliuita maji ya mwanzi na kuunywa bila kujitetea. Watu hukaa kwa mviringo na kikombe kimoja cha mwanzi huenda mkono kwa mkono, kila mtu anakunywa anampa wa kulia kwake. Kumruka mtu si mzaha. Mtu aliyerukwa na kikombe amekwisha kuambiwa kila kitu bila kusemwa neno.

Katika mviringo kama huo, jumbe akiwa hajafika, niliwaeleza watu nilichokipata. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyojua. Lori, mwavuli, wapimaji wasiouliza njia. Nikamaliza kwa kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja alisema, "Lisemwalo lipo," akatema mate pembeni. Jumbe alipokuja akaketi, kikombe kilifika kwa aliyekuwa kushoto kwake, na yule mtu akanyoosha mkono mbele ya kifua cha jumbe, akampa wa upande wa pili. Jumbe alitazama kile kikombe kikipita. Alikaa kidogo, kwa heshima, akauliza hali ya mvua, akaaga.

Nilifurahi. Siwezi kuipamba. Nilifurahi kwa ajili ya bonde, na kwa ajili ya kile kiporo cha viazi pia.

Mama peke yake hakufurahi. Aliniambia, "Una hakika?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, kuwa na hakika. Alikuwa akiendelea kumsalimu jumbe njiani, jambo ambalo liliniudhi, na nilimshuku hata yeye kwamba labda anamwogopa.

Mwezi wa tatu likaitishwa baraza katika darasa la shule ya misheni, maana nje kulikuwa na mvua. Bwana Shamba alikuja na faili. Karani wa boma aliyezoea kufasiri alikuwa mgonjwa, na kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha jeshini na Kibena cha nyumbani, nikafanywa mkalimani. Wanawake walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda mpaka kidevuni. Mama alikaa mbele. Jumbe alikaa nyuma peke yake, na pande zote mbili za dawati lake zilikuwa wazi.

Bwana Shamba alieleza kwamba kila mwenye nyumba atapewa kipande mlimani badala ya bonde. Nikafasiri. Watu wakanung'unika. Ndipo mama akasimama. Hakupaza sauti.

"Mwulize," akasema, "ni nani aliyewaonyesha njia."

Hilo swali nililifasiri kwa raha kuliko yote ya siku ile, na nilipokuwa nalifasiri nilimtazama jumbe usoni nione atakavyobadilika.

Bwana Shamba alifungua faili. Akatoa karatasi zilizopigwa kwa mashine kwa Kiingereza, mistari kadhaa imepigiwa penseli nyekundu chini. Nilikuwa karibu naye, nikaona. Daraja la mbao. Njia ya ng'ombe, mkono wa kushoto. Mawe mawili meupe. Maji hayakauki. Wanaume wengi hawapo. Masika hakuna anayelilima. Ilikuwa makala yangu, imefasiriwa neno kwa neno, na katika Kiingereza haikuonekana tena kuwa makala. Njia, maji, ardhi, watu. Ilionekana jinsi ilivyokuwa tangu mwanzo.

"Lakini ni wewe," Bwana Shamba aliniambia kwa Kiingereza, akinielekezea penseli na kutabasamu, kama mtu anayempa mwenzake haki yake. "Ni ripoti nzuri kuliko zote zilizopita mezani kwangu. Mpimaji aliishika mkononi, akafika bila kumwuliza mtu."

Watu walikuwa wananingoja. Nikawageukia, nikasema kwa Kibena, "Anasema ofisi ina taarifa zake."

Mama alikuwa bado amesimama. "Basi ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Mbona maneno yake yalikuwa mengi?"

"Kiingereza kina maneno mengi, mama."

Akaketi. Nilipoinua macho niliona jumbe ananitazama. Kiingereza hakukijua hata neno, lakini ile penseli aliiona ilikoelekea. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kisha akavaa kofia yake taratibu na kutoka nje mvuani. Ule mwavuli aliusahau kwenye dawati, na hakuna aliyemkimbilia kumpa.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kuogopa kila kitu. Nilimshuku karani wa boma kuwa anajua. Nilimshuku yule Bwana Shamba kuwa siku moja atajifunza Kiswahili cha kutosha akanisifu mbele za watu. Nikikutana na mtu anayesoma gazeti letu chini ya kibanda cha basi, moyo ulipiga mpaka nipite. Makala zangu zikawa fupi. Niliandika juu ya mbolea ya samadi bila kusema samadi hiyo iko wapi, na mhariri akaniandikia kutoka Dar es Salaam kuuliza kama ninaumwa.

Ningeweza kusema ukweli wakati wowote. Nilikuwa na vinywa viwili vya kuusemea, gazeti na mviringo wa ulanzi. Nilijiambia kwamba bonde limekwisha kwenda, ukweli hautalirudisha, na mzee yule ana umri gani hata hivyo. Mtu mwoga hakosi hesabu nzuri.

Kiangazi kilipofika, bondeni hapakuwa na matuta. Paliwekwa vichanja vya majani, na chini yake miche ya miwati, maelfu, imepangwa kama gwaride. Mama alilima mlimani alipopewa. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, jembe liliruka. Mwezi wa kumi na mbili, nilipokwenda kumwona, sikumkuta. Jirani aliniambia amekwenda kwa shemeji yake. Nikamngoja. Alirudi jioni na kikapu kichwani, kimefunikwa kanga, na alipitia njia ya nyuma ili asionwe na watu. Alinikuta mlangoni. Nilimshusha kikapu. Kilikuwa chepesi.

Masika yakarudi, na ulanzi ukarudi. Mama akaniletea salamu nije Jumapili baada ya ibada, bila kukosa. Nilipofika nilikuta watu jikoni kwake kumi au kumi na mbili, wale wale wa mviringo wa mwaka uliopita, na ulanzi wa asubuhi umejaa chunguni. Na karibu na mlango alikuwa jumbe, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikajua kuna jambo. Nilitazama mlango, nikaona kwamba ili nitoke lazima nimvuke jumbe.

Mama alisema, "Mwanangu, nisomee ile karatasi ya ukutani. Wenzangu hawajaisikia."

"Imekwisha kuliwa na moshi, mama, haisomeki."

"Inasomeka. Mimi nimeifuta."

Kweli alikuwa ameifuta. Ilibidi nisimame kuielekea, mgongo wangu ukiwaelekea watu, na tangu Burma sipendi kukaa hivyo. Nikaanza. Nilipofika kwenye daraja la mbao niliwaza kuruka. Ningeweza. Hakuna aliyejua kusoma mle ndani ila mimi. Lakini mama alikuwa amekwisha kuisikia mara moja, na nimesema kichwa chake kilikuwa mtego. Nikasoma yote. Daraja, njia ya ng'ombe, mkono wa kushoto, mawe mawili, gari laweza kufika. Maji. Udongo mpaka kiwiko. Wanaume hawapo. Masika hakuna anayelilima. Sauti yangu ilikuwa ikipungua, na hakuna aliyeniambia niongeze.

Nilipomaliza sikugeuka mara moja.

"Nilingoja useme mwenyewe," mama akasema nyuma yangu. "Nimengoja mwaka. Mtu akisomewa hivyo, hana haja ya kuuliza njia."

Nikageuka, nikaketi palipokuwa wazi. Mama akachota ulanzi, na hakumpa aliyekuwa karibu naye. Alinyanyuka, akavuka jiko lote kwa miguu yake mizito, akapiga goti mbele ya jumbe kama mwanamke wa kwetu anavyompa mtu anayemheshimu, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akampa. Jumbe alikipokea. Alikunywa polepole, watu wote wakimtazama, akajifuta mdomo kwa kile kitambaa cha kofia.

Wa kulia kwake nilikuwa mimi. Nilitazama chini, nikingoja mkono wake upite mbele ya kifua changu, kama nilivyowafundisha wengine. Haukupita. Ulisimama mbele yangu na kikombe, na kikombe kilikuwa zaidi ya nusu.

Nikakipokea. Na hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilikinusa kwanza.